Naomba ushauri: somo la sheria ya Ufaransa ya 1905 lianzie wapi?

Wakuu, naandaa somo la dakika 40 kuhusu Ufaransa ilivyotenganisha dini na serikali. Nianzie mapatano ya 1801 ya Napoléon na Papa Pius VII kuhusu uhusiano wa serikali na Kanisa Katoliki, au niingie moja kwa moja kwenye sheria ya Desemba 9, 1905? Kifungu cha 2 kilifuta mishahara ya mapadri, wachungaji na marabi. Wengi huishia hapo wakidhani dini ilibanwa, kumbe kifungu hichohicho kinaruhusu fedha za umma kugharamia huduma za kiroho shuleni, hospitalini na magerezani.

Kinachonisumbua zaidi ni Alsace na Moselle, maeneo ya mashariki mwa Ufaransa. Mwaka 1905 zilikuwa chini ya Ujerumani, hivyo sheria hiyo haikuzihusu, na hata baada ya kurudi Ufaransa, mpaka leo serikali inawalipa mapadri wa huko. Hili niliweke wapi lisiwachanganye wanafunzi?