Riwaya ya njama kuhusu kitu cha kale: siri ikae wapi?

Swali

Ndugu wasomaji na waandishi, ninaandika riwaya ya taharuki inayohusu msako wa bamba la kale lenye alama ambazo hakuna anayeweza kuzisoma. Sura kumi za mwanzo zimekwenda vizuri, lakini nimekwama pale ninapotakiwa kumfichulia msomaji ni nani anayewaua watafiti, na kwa sababu gani. Nilipanga kwamba ni chama cha siri kilicholilinda bamba hilo kwa miaka elfu mbili, ila kila ninaposoma upya naona kwamba hata mimi mwenyewe siamini. Je, njama ya namna hii inaweza kusimama, au niitafute siri mahali pengine? Naomba ushauri wa dhati, kwa kuwa kazi hii nimeishi nayo kwa miaka mitatu.

Jibu la kwanza

Ndugu mwandishi, isikilize shaka yako. Chama kinachotunza siri kwa miaka elfu mbili kinamtaka msomaji akubali kwamba katika vizazi vyote hivyo hakutokea hata mwanachama mmoja aliyegombana na wenzake, aliyefilisika au aliyeropoka. Njama za kweli katika biashara ya vitu vya kale huwa changa, huhusisha watu wachache, na husukumwa na fedha.

Chukua mfano wa sahani ya anga ya Nebra. Mwaka 1999 wachimbaji haramu wawili wenye kifaa cha kutambua metali waliifukua kilimani nchini Ujerumani: sahani ya shaba nyeusi yenye kipenyo cha takriban sentimita 32, iliyopambwa kwa maumbo ya mwezi na nyota ya dhahabu, na ambayo inakadiriwa kuwa na umri wa miaka 3,600 hivi. Waliiuza upesi kwa maki 31,000, sarafu ya Ujerumani ya wakati huo. Ikapita mikononi mwa watu kadhaa hadi bei ikafika maki 700,000, na Februari 2002 mwanaakiolojia Harald Meller akaenda hotelini Basel akijifanya mnunuzi, huku polisi wa Uswisi wakisubiri karibu. Msako, hadaa na mtego vyote vimo humo bila chama chochote cha kale. Kinachonigusa zaidi ni kwamba udongo uliokuwa umeganda kwenye sahani ndio uliosaidia kuthibitisha mahali ilipofukuliwa.

Jibu la pili

Naafikiana na mwenzangu, ila ningependa kuisogeza hoja mbele kidogo: siri yako iweke kwenye karatasi. Kitu kilichoporwa hakiuziki kwa heshima mpaka kitungiwe historia, na kazi hiyo hufanywa na watu wenye ofisi safi na mwandiko mzuri. Hati itadai kwamba kitu kilikuwa katika mkusanyiko wa familia fulani tangu kabla ya mwaka 1970, yaani mwaka ambao UNESCO ilipitisha mkataba wa kuzuia biashara haramu ya mali za kitamaduni, na baada ya hapo maswali hupungua.

Mwaka 1995 polisi walipopekua ghala la dalali mmoja wa Kiitaliano huko Geneva, katika eneo la bidhaa zisizotozwa ushuru, walikuta maelfu ya picha, na nyingi zilionyesha vyombo vikiwa bado vipande vipande na vimejaa udongo. Vyombo kama hivyo huja kuonekana vimesafishwa na kuunganishwa ndani ya makumbusho makubwa. Hebu fikiria mtafiti wako akiishika picha ya bamba lilelile analolijua kutoka kwenye kabati la kioo! Anayeweza kuua kwa ajili ya picha hiyo hahitaji kuwa kuhani wa dini iliyosahaulika.

Jibu la tatu

Naomba niongeze mambo mawili. Kwanza, usikimbilie kuzisoma hizo alama. Diski ya Phaistos, kisahani cha udongo wa kuchoma chenye alama zisizojulikana, ilipatikana katika kisiwa cha Krete, Ugiriki, mwaka 1908, na hadi leo hakuna usomaji wake uliokubalika na wataalamu. Ufafanuzi wowote utakaoutoa mwishoni utakuwa mdogo kuliko fumbo lenyewe.

Pili, usimsahau mtu wa ndani. Hazina ya Lidia, ufalme wa kale uliokuwa katika eneo ambalo leo ni Uturuki, iliporwa kaburini miaka ya 1960, ikanunuliwa na Makumbusho ya Metropolitan ya New York, na Uturuki ikaipata tena mwaka 1993 baada ya kesi ndefu. Mwaka 2006 ikagunduliwa kwamba kipambo chake mashuhuri cha dhahabu, chenye umbo la farasi wa baharini, kilikuwa kimebadilishwa kwa cha bandia katika makumbusho ya Uşak, huko huko Uturuki, na baadaye mkurugenzi wa makumbusho hayo akatiwa hatiani. Sijui pigo linalouma kuliko kurudishiwa urithi kisha kuibiwa na mlinzi wake.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Chama cha siri nimekifuta tangu jana usiku, na sura mbili zimekwenda nacho. Muuaji atakuwa mtunza nyaraka aliyeghushi hati ya kwanza akiwa kijana, kabla hajajua bamba hilo litakuja kuwa mashuhuri kiasi gani, na alama zitabaki bila kusomwa. Sura ya kumi na moja sasa inaanza na picha kuukuu iliyosahaulika ndani ya faili, ambamo bamba limelazwa juu ya gazeti, udongo ungali mbichi ukingoni mwake.