Kila safari nasachiwa nywele uwanja wa ndege. Nilalamike au ninyamaze?

Mwanaidi_R: Wadau habari zenu. Nina rasta nene, huwa nazifunga juu. Kila nikipita kwenye ile skana ya kuinua mikono, kale kapicha ka mtu kwenye skrini kanaonyesha alama ya njano kichwani. Basi afisa ananiingiza vidole kwenye nywele mbele ya foleni nzima, wakati wenzangu wameshabeba mabegi yao wanaenda zao. Usalama nautaka kama mtu yeyote, lakini hili linaniuma. Nikilalamika si nitaandamwa zaidi?

Kipanga: Dada, vumilia. Desemba 2009 kuna abiria alipanda ndege ya kwenda Detroit na bomu ndani ya nguo ya ndani. Mlango wa kutambua chuma hauoni kitu cha namna ile. Ndiyo maana skana hizi zikasambaa.

Mama Shufaa: Kipanga, skana hakuna anayeikataa. Tatizo ni kwamba inapiga mawimbi mwilini na kusoma yanavyorudi, kwa hiyo nywele nene, kilemba au wigi huichanganya. Hilo Marekani wanalijua miaka mingi. Halafu huo ukali unatupa nini? Mwaka 2015 iliripotiwa kuwa wakaguzi wa serikali ya Marekani waliojifanya abiria walijaribu kupitisha silaha na mabomu bandia mara 70, wakafanikiwa mara 67! Macho yanayokesha kwenye rasta za mtu yangekuwa kwenye mabegi.

Kipanga: Hapo kwenye mabegi nakubaliana na wewe.

Fundi_Salum: Mwanaidi, pole sana. Kwa Marekani, una haki ya kuomba ukaguliwe faraghani, na afisa wa jinsia yako, ukiwa na mtu wako pembeni. Wenye vilemba huruhusiwa kujipapasa wenyewe, kisha viganja vinafutwa kwa kitambaa kidogo kinachopimwa kama kina chembe za baruti. Omba na wewe, kwa sauti ya kawaida tu. Na malalamiko andika siku hiyohiyo: saa, namba ya njia ya ukaguzi, alama ilipotokea. Usimtukane afisa. Shida ni mashine, na bila malalamiko hakuna atakayeibadilisha.

Mwanaidi_R: Hilo la faragha sikulijua kabisa. Na nchi nyingine je?

Fundi_Salum: Taratibu zinatofautiana. Muulize afisa kabla hujaingia kwenye skana. Akishaanza kukupapasa, kumsimamisha ni kazi.

Mwanaidi_R: Sawa kaka. Na malalamiko ya safari iliyopita nayaandika leo.