Naomba ushauri: mitambo ya upepo baharini na riziki ya baharia asiye na boti

Habari zenu ndugu zangu. Naishi New Bedford, Massachusetts, Marekani. Mume wangu ni baharia kwenye boti ya kuvua skalopu (aina ya chaza). Hana mshahara, analipwa fungu lake la mavuno kila safari.

Sasa kuna mradi unaopendekezwa wa umeme wa upepo huko baharini, na mtaa umegawanyika. Vijana wanataka kazi za bandarini. Wavuvi wanahofia kukokota zana za kuvulia kati ya nguzo za mitambo, hata zikiachana maili moja ya baharini, hasa siku za ukungu. Mimi siupingi umeme wa upepo. Kisiwa cha Block Island, jimbo jirani la Rhode Island, wana mitambo 5 tangu 2016, ila mitano si makumi.

Nimempigia afisa wa mradi anayeshughulikia wavuvi, akasema fidia ya kipato cha uvuvi kinachopotea huombwa na mwenye boti. Mwenye boti naye hajatujibu, wiki ya tatu hii.

Maoni ya maandishi ya wananchi kuhusu mradi yanafungwa mwisho wa mwezi. Waliopitia haya: baharia athibitisheje kipato chake, karatasi za malipo ya kila safari zinatosha? Na tuandike kila familia kivyake, au barua moja ya pamoja?