Mashine ya kufyonza vumbi: ya ndoo, ya mfuko au ya chaji? Nyumba ipo Goba, barabara ya vumbi

MamaWawili_Goba · Ijumaa, saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijaipeleka hela yangu Kariakoo ikapotea.

Nakaa Goba, barabara yetu haijaguswa na lami. Bodaboda ikipita, meza ya tivi unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Nyumba ni marumaru kila chumba, ila sebuleni kuna zulia la manyoya futi 6 kwa 9 na sofa za kitambaa. Mwanangu wa pili ana miaka minne na ana pumu. Daktari ametuambia tupambane na vumbi la ndani, akataja hasa zulia na godoro. Zulia baba yao hataki hata kusikia likitolewa, maana alilibeba mwenyewe kwenye bajaji kutoka mjini na hadithi hiyo kila mgeni lazima aisikie.

Nimeingia maduka mawili. La kwanza wanasema chukua ya ndoo, wati 2,000, "hii dada inavuta mpaka msumari". La pili wamenionyesha ya chaji, nyembamba, haina waya, bei karibu mara mbili. Dada wa kazi naye anasema mama, ufagio na deki vinatosha. Bajeti yangu laki tatu, nikibanwa sana tatu na nusu. Nichukue ipi?

MzeeWaTabata · saa 3:24 usiku

Huyo dada wa kazi aongezewe mshahara. Marumaru ni ufagio laini na deki, basi. Zulia toa nje Jumamosi, tundika kwenye ukuta, piga fimbo. Sisi tumekua hivyo na tuko hai. Mashine inakula umeme tu.

FundiMota · saa 3:51 usiku

Mzee shikamoo. Umepatia nusu. Kwenye marumaru matupu hata mimi nyumbani sina mashine, nina deki. Tena deki mbichi ni bora kuliko ufagio mkavu, kwa sababu ufagio unalipandisha vumbi hewani halafu linakaa tena baada ya robo saa, na aliyevuta katikati hapo ni huyo mtoto. Lakini zulia la manyoya ni habari nyingine. Ukilipiga fimbo linatoka la juu, na mpigaji ndiye anayekula sehemu kubwa.

Sasa dada, hapo kwenye wati 2,000 usidanganyike. Wati ni umeme inaoula, siyo nguvu inayovuta. Ulaya walishaliona hilo: tangu Septemba 2014 walikataza za majumbani zinazozidi wati 1,600, na Septemba 2017 wakashusha hadi 900. Na nyumba zao zinasafishwa vizuri tu. Mvuto unatokana na umbo la feni, mpira usiovuja, kichwa kinachokaa vizuri sakafuni na kichujio kisafi. Mashine ya wati 1,000 iliyobana vizuri inaishinda ya 2,000 inayopumulia kwenye viungio.

Ukifika dukani fanya hivi: omba waiwashe, ziba mdomo wa mpira kwa kiganja. Ikikung'ang'ania mkono na sauti ya mota ikapanda, nzuri. Ikiwa mkono unatoka bila kubisha, kuna hewa inaingia kwingine. Halafu pitisha mkono nyuma, kwenye viungio vya ndoo na kifuniko. Ukisikia upepo unatoka pale ambapo hapana tundu la kutolea hewa, iache hapo hapo.

UpangaGhorofani · saa 4:05 usiku

Mimi natumia ya chaji mwaka wa pili sasa. Nipo ghorofa ya tatu, vyumba viwili, kapeti jembamba moja. Naipenda sana, nisidanganye. Umeme ukikatika naendelea, ngazi zangu nafagia nayo, kwenye gari naingia nayo. Inatundikwa ukutani, haili nafasi.

Ila bibie, kwa zulia la manyoya utalia. Ukiiweka kwenye nguvu ya juu, ambayo ndiyo kapeti nene linaitaka, yangu ilikuwa inakaa dakika kumi hivi ikiwa mpya kabisa. Sasa hivi ni saba. Betri hizi za lithiamu hazipendi joto, na mimi nilikuwa naichajia jikoni juu ya friji, kona yenye joto kuliko zote ndani ya nyumba. Nimeuliza bei ya betri nikanyamaza.

MamaWawili_Goba · saa 4:11 usiku

Duh, dakika saba sijamaliza hata sofa moja.

KisikiMbezi · saa 4:30 usiku

Mbona hakuna aliyetaja roboti? Shemeji yangu aliniletea moja. Siku ya kwanza familia nzima tumekaa juu ya makochi kama tunaangalia mpira. Siku ya pili ikameza nyuzi za pindo la mkeka. Siku ya tatu ikakataa kupanda zulia la sebuleni, inafika ukingoni inarudi nyuma kama imeona nyoka. Kumbe chini ina sensa za kuizuia isianguke kwenye ngazi, na zulia letu ni jeusi, kwa hiyo inadhani ni shimo! Imebaki inazunguka koridoni. Watoto wameipa jina la kasa.

Kwa nyumba yenye marumaru yaliyonyooka na vitu vichache chini, inasaidia kupunguza mchanga wa kila siku. Kwa nyumba zetu zenye kizingiti kila mlango, waya wa chaja kila kona na viatu vya watoto, ni wewe utakuwa unaifanyia usafi.

PumuSiMchezo · Jumamosi, saa 1:40 asubuhi

Dada pole, nami nina mtoto wa hivyo. Naomba nikuongezee upande wa afya, maana hapo juu mmeongelea mvuto tu.

Mashine inavuta hewa yenye vumbi upande mmoja na kuitoa upande mwingine. Kama kichujio ni cha sponji peke yake, vumbi kubwa linabaki kwenye ndoo na lile laini, ambalo ndilo linaloingia kifuani, linarudi chumbani. Utaona zulia safi na mtoto usiku anakohoa. Tafuta kichujio cha HEPA. Kipimo chake cha Marekani ni kunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3, na unywele wa mtu una unene wa maikromita kama 70, kwa hiyo piga picha mwenyewe. Lakini HEPA kwenye mashine inayovuja, kama alivyosema Fundi, ni pambo. Hewa itapita kwenye mwanya iache kichujio.

La pili, wakati wa kufyonza mtoto asiwepo chumbani, fungua madirisha, na akae nje kwa muda kazi ikiisha. Hata mashine nzuri inatikisa vumbi.

La tatu ni godoro na mito. Humo ndimo wanamoishi wale vidudu jamii ya utitiri wasioonekana kwa macho, wanakula magamba ya ngozi yetu. Kinyesi chao ndicho kinachowasumbua wengi wenye pumu. Mashine inapunguza uchafu wao lakini wenyewe wanang'ang'ania. Sisi tunafua mashuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto kuanzia nyuzi 60, na godoro tumelivisha mfuko wenye zipu. Ningekuwa na laki tatu yako, sehemu yake ingeenda kwenye mfuko wa godoro kwanza.

MbebaMizigo · saa 2:15 asubuhi

Naona watu wa mitumba hawajafika. Kaka yangu alitupa kwenye kontena mashine safi kabisa kutoka Marekani. Nikanunua adapta ya pini, nikachomeka. Ilipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, sekunde tatu, moshi, LUKU ikakata nyumba nzima. Kule umeme ni volti 120, kwetu 230. Adapta inabadilisha pini tu jamani, haibadilishi umeme! Za Uingereza na Dubai hazina shida hiyo, na pini za Uingereza ni hizi hizi zetu. Geuza mashine usome kibati chini kabla hujatoa hela.

FundiMota · saa 3:02 asubuhi

Pole mkuu, nazipokea hizo kila mwezi. Ungehitaji transfoma kubwa kuliko wati za mashine yenyewe, na kwa bei hiyo bora ununue nyingine.

Kuhusu kuungua: siyo kila iliyozima imeungua. Nyingi zina kinga ya joto, zikiziba zinajizima ili mota isiive. Mwaka jana jamaa wa Sinza alikuja analalamika. Fundi mwingine kamtoza hela ya kusuka mota upya na bado inazima kila baada ya dakika tano. Nikachomoa mpira, nikautazama dhidi ya taa: giza. Nikapitisha ufito wa ufagio wa chelewa, ikatoka soksi ya mtoto, ya bluu, imejikunja kwenye kona kama yai. Mota haikuwa na tatizo lolote tangu mwanzo. Kwa hiyo ikizima: chomoa, kagua mpira, kagua kichujio, iache ipoe nusu saa, ndipo uwashe.

Sasa jibu langu kwa MamaWawili. Zipo za mfuko wa karatasi na za ndoo. Kwa mwenye pumu, ya mfuko kinadharia ndiyo bora, maana unautupa na vumbi lake ndani bila kulifungua. Tatizo la Dar ni mifuko. Unapata mashine, baada ya miezi minne mfuko wa aina yako haupo mjini, unaanza kuukung'uta na kuurudisha, na hapo faida yote imekufa. Kama utanunua ya mfuko, nunua na mifuko ya mwaka mzima siku hiyo hiyo.

Mimi ningechukua ya ndoo inayofyonza vumbi kavu na maji pia, lita 15 mpaka 20, wati 1,000 hadi 1,400, yenye kichujio cha HEPA cha kukunjwa kunjwa na ikiwezekana nafasi ya mfuko ndani. Siku bomba likipasuka jikoni unafyonza maji nayo, ila toa mfuko na kichujio cha karatasi kwanza. Wengi wanasahau hapo. Ndoo imwagiwe nje, mbali na mtoto, kwa kuielekeza upepo unakokwenda, na anayemwaga ajifunge barakoa. Usifyonze majivu ya jiko la mkaa, kaa moja likiwa bado hai linawasha ndoo. Wala usifyonze saruji ya mafundi waliotoka kupiga plasta. Ile inaziba kichujio ndani ya dakika chache.

MzeeWaTabata · saa 3:20 asubuhi

Na umeme? Hilo mmelikwepa.

FundiMota · saa 3:33 asubuhi

Hatujalikwepa mzee wangu. Mashine ya wati 1,200 kwa dakika 20 inakula uniti 0.4. Afanye mara mbili kwa wiki, mwezi mzima hazifiki uniti nne. Kwa bei ya kama shilingi 356 kwa uniti ni kama shilingi 1,300. Akiwa kwenye ile tarifa ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, inashuka zaidi. Chupa mbili za soda.

MzeeWaTabata · saa 3:36 asubuhi

Sawa. Ila fimbo haina uniti.

BintiKigamboni · saa 4:48 asubuhi

Je, kukodi? Kuna vijana wanakuja nyumbani na mashine kubwa wanaosha sofa na zulia. Na siyo jambo jipya. Mwingereza Hubert Cecil Booth alipoanza na mashine yake mwaka 1901, ilikuwa kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi, inasimama barabarani London halafu mipira inapitishwa madirishani. Watu walikuwa wanalipia huduma, hawanunui mashine. Mimi nawaita kila baada ya miezi mitatu, katikati natumia ufagio.

PumuSiMchezo · saa 5:05 asubuhi

Kwa asiye na mgonjwa sawa. Kwa mwenye pumu miezi mitatu ni mbali. Na zulia la manyoya likioshwa lisipokauka vizuri, hasa masika haya, linaota ukungu, ambao nao ni adui wa kifua.

MamaWawili_Goba · Jumapili ya wiki iliyofuata, saa 2:20 usiku

Wakuu nimerudi. Jumatano nilikwenda Kariakoo. Muuzaji wa kwanza nilipoziba mpira kwa kiganja alicheka, akaniuliza mama wewe fundi? Mkono ulitoka bila shida nikaaga. Duka la tatu ndipo uling'ang'ania mpaka kiganja kikabaki na duara jekundu. Nimechukua ya ndoo lita 18, wati 1,200, HEPA, laki mbili na sitini baada ya kuvutana sana. Iliyobaki nimenunua mfuko wa godoro la mtoto.

Jana nilifyonza zulia ambalo dada alikuwa amelifagia asubuhi hiyo hiyo. Taratibu, kwa urefu, kisha kwa upana. Nilipofungua ndoo uani sikuamini: vumbi la kijivu laini kama unga wa sembe, limejaa vikombe viwili, na ndani yake hereni yangu iliyopotea Idi iliyopita. Baba yao amelitazama lile vumbi, hajasema kitu. Ila leo hakumsimulia mgeni habari za bajaji.

Swali moja la mwisho: kichujio kimeshakuwa cha kijivu. Nakiosha?

FundiMota · saa 2:41 usiku

Hongera dada. Angalia kwenye ukingo wake kama kimeandikwa kinaoshwa. Kama hakijaandikwa, kigonge taratibu kwenye ndoo ya taka nje, usikiguse na maji. Kama kinaoshwa, suuza kwa maji baridi bila sabuni, usisugue kwa brashi, kisha anika kivulini saa 24 nzima. Kikirudi na unyevu vumbi linagandia humo kama udongo wa kufinyangia. Ndiyo maana nashauri uwe navyo viwili. Na ukienda kutafuta cha pili, nenda na hicho cha zamani mkononi. Vinapishana kwa milimita, na muuzaji atakuapia vyote ni saizi moja.