Deok-im aliomba apitwe kama mgeni. Je, mwandishi alikuwa na haki ya kumrudisha kwa mfalme?

MWANZISHA MADA

Jamani, nimemaliza tamthilia ya Kikorea The Red Sleeve juzi saa nane usiku na tangu hapo nyumbani hakuna amani. Mdogo wangu anasema mwisho ni mzuri kupita kiasi. Mimi nasema tumedhulumiwa. Mama, ambaye alikuwa anapita tu kwenda jikoni, anasema mfalme yule hana adabu. Basi nailetea uwanjani. Ambaye hajaiona aishie hapa, maana naimwaga yote.

Kwa waliosahau: ni tamthilia ya kituo cha MBC, sehemu 17, ilianza Novemba 2021 na sehemu mbili za mwisho zikarushwa usiku wa tarehe 1 Januari 2022, yaani Wakorea wamefungua mwaka kwa kilio. Yi San (Lee Jun-ho) ni mjukuu wa Mfalme Yeongjo. Baba yake San alifungiwa ndani ya sanduku la mchele mpaka akafa, mwaka 1762, kwa amri ya huyo huyo Yeongjo aliyemzaa. Seong Deok-im (Lee Se-young) ni mtumishi wa kasri, msomaji na mnakili wa hadithi, msichana mwenye maneno yake. Jina la tamthilia linatokana na pindo jekundu la mikono ya nguo za watumishi wa kike wa kasri. Pindo lile maana yake moja: huyu ni wa mfalme, asiguswe. San anampenda, anamtaka awe suria wake. Deok-im anakataa, kwa sababu anajua siku akikubali hatakuwa na kitu tena kiitwacho chake.

Mwishowe anakubali. Anazaa mtoto wa kiume, mtoto anakufa, na yeye anafuata. Sasa sikilizeni. Akiwa kitandani pa mauti anaomba aitiwe marafiki zake, watumishi wenzake. Mfalme hakuitwa, kaja mwenyewe. Anamwambia, kwa maana yake: maisha yajayo ukiniona jifanye hunijui, nguo zetu zigusane tu, upite.

Hapo nililia mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini sikuwa na kinyongo, kifo kile nilikikubali. Kilichoniudhi kilikuja baadaye. San anatawala, anazeeka, anafumba macho, anajikuta yuko na Deok-im. Deok-im anamwambia arudi kwenye kazi zake, yeye anakataa. Iwe ndoto, iwe mauti, amechagua kubaki. Anaomba apendwe, wanabusiana, na tunaambiwa kwamba dakika ile imekuwa ya milele.

Sasa, yule mwanamke si aliomba apitwe? Ombi moja katika maisha yake yote, na hata hilo hakupewa. Watu wanaita ule mwisho faraja. Faraja ya nani?

MTOTO WA KIBANDA UMIZA, MWANZA

Dada, wewe unalalamikia ndoto, mimi nalalamikia kifo chenyewe. Nimelelewa na kibanda umiza, mabenchi ya mbao, jasho, na sheria moja tu: steringi hafi. Apigwe, atupwe korongoni, aoze gerezani, lakini atarudi. Tamthilia ya Jumong tuliivumilia sehemu 81, na hata So Seo-no, mke wa Jumong, alipofunga mizigo na wanawe kwenda kusini tulinung'unika, lakini alikuwa hai! Unaenda kulala ukijua yupo mahali anajenga nchi yake. Huyu Deok-im mmenipendekezea ninyi, nimekaa naye sehemu 17, nimemzoea kama dada yangu, halafu mnaniulia kwa ugonjwa kitandani. Hata upanga hakuna. Mwandishi ana kalamu mkononi, kilichomshinda ni nini?

MWALIMU WA HISTORIA, TANGA

Ndugu yangu wa Mwanza, kilichomshinda ni mwaka 1786. San si mtu wa kutungwa, ni Mfalme Jeongjo wa Joseon, yaani Korea ya enzi zile, aliyetawala kuanzia 1776 hadi 1800. Deok-im naye aliishi. Mtoto wao, Munhyo, alikuwa mrithi wa kiti, akafa kwa surua mwezi wa tano wa mwaka huo kwa kalenda yao. Mama akafuata mwezi wa tisa, akiwa mjamzito. Walishapoteza na binti kabla ya hapo. Kila Mkorea aliyekaa darasani akaamka anajua Jeongjo ni nani. Ukimpa Deok-im uzee na wajukuu, utakuwa umeandika kitu kingine, usikiite historia.

Na wenzetu hawa hawana mzaha na jambo hilo. Machi 2021 kituo cha SBS kilianza kurusha tamthilia ya Joseon Exorcist. Watazamaji wakaona vyakula na mapambo ya Kichina mezani, na wafalme wao wamegeuzwa vituko. Yakaja malalamiko, wadhamini wakakimbia, tamthilia ikafutwa baada ya sehemu mbili. Mbili! Kabla ya hapo, Mr. Queen ilimpa Mfalme Cheoljong mwisho wa ushindi ambao maisha hayakumpa. Ilipendwa, lakini ile ni vichekesho, roho ya mpishi wa kiume wa leo imeingia mwilini mwa malkia. Nani atailalamikia kwa tarehe?

Kwa hiyo mimi namtetea mwandishi. Kaua kwa sababu wameshakufa.

MWANZISHA MADA

Mwalimu, hapo hatugombani. Kifo ni cha historia, sina deni nacho. Ila lile ombi la "pita kama hunijui" halimo kwenye historia. Limetungwa, na ndilo lililobeba tamthilia nzima. Sasa ukishamtungia mtu wosia, umejifunga nao. Huwezi kuuweka mdomoni mwake dakika ya arobaini halafu dakika ya sabini ukaufuta kwa busu.

Na wanaosema "angalau angesema anampenda" wangesoma aliyoyaandika Jeongjo mwenyewe. Deok-im alipofariki, mfalme alimtungia maandishi ya kaburi kwa mkono wake. Humo anakiri kwamba alimtaka mara ya kwanza mwaka 1766, wote wakiwa bado wadogo. Deok-im akalia, akaapa kufa kuliko kukubali, kwa kuwa mke halali wa San alikuwa hajazaa. San akamwacha. Baada ya miaka kumi na mitano akamtaka tena. Akakataa tena. Ndipo mfalme akawaadhibu watumishi wa Deok-im, na Deok-im akatii.

Someni tena hiyo. Walioadhibiwa ni watumishi wake. Na aliyeyaandika haya ni mume, tena kwa mapenzi, haoni aibu yoyote. Mimi nikishasoma hayo siwezi tena kudai kwamba Deok-im anadaiwa neno la mapenzi na mtu yeyote.

MAMA WA UNGUJA

Nyinyi mnalitaja neno suria kama jina la mhusika. Sisi huku neno hili tunalijua, lina nyumba na lina vizazi. Kwetu sheria ilikuwa suria akizaa na bwana wake hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Mlango mdogo, lakini mlango. Huyo Deok-im alizaa, akapandishwa cheo, akapewa vyumba vizuri, akazidi kufungwa. Marafiki zake waliokuwa wakicheka naye sasa wanamwinamia. Mimi nilichokililia hasa ni pale alipokuwa anakaa anangoja mlango ufunguliwe. Mwanamke aliyekuwa hakai chini! Kifo kilipokuja nilisema afadhali kapumzika. Mwanangu uliyeanzisha mada, mamako kasema kweli, ingawa alikuwa anapita tu.

NAIROBI

Mnalia na The Red Sleeve na hamjaona Moon Lovers ya 2016? Ile ndiyo ilinimaliza. Hae Soo hayupo kwenye historia yoyote, ni msichana wa leo aliyerudishwa enzi za Goryeo, dola ya Korea kabla ya Joseon, kwa hiyo mwalimu hawezi kutuambia eti tarehe ndizo zilimlazimisha mwandishi. Na bado anamuua mbali na mpenzi wake, Mfalme Wang So, barua zake zinafika zimechelewa, jamaa anabaki peke yake kwenye kasri akisema atamtafuta. Mwisho. Mashabiki wameomba sizoni ya pili miaka nenda miaka rudi. Mimi pia nimeomba, sioni haya. Kwa hivyo dada, kama San amepewa angalau ndoto, mshukuru Mungu na unyamaze kidogo.

MDOGO WA MWANZISHA MADA

Nimeitwa na rafiki, kumbe natangazwa huku. Dada, umewaficha watu nusu ya maneno. San alipomuuliza kama hajawahi kumpenda hata kidogo, Deok-im alijibu nini? Alijibu kwa maana hii: mpaka leo hujui tu? Kama kweli moyo wangu haukutaka, ningekimbia mbali kwa njia yoyote. Hilo ni jibu la mtu asiyependa? Alikataa kulitamka kwa sababu ni kitu pekee kilichobaki mikononi mwake. Kulificha ndiko kulikokuwa uhuru wake. Sasa wewe unataka alifiche mpaka kaburini, na mimi nasema pale mwishoni hakuna tena mfalme wala mtumishi, ndiyo maana anaweza kulitoa.

Halafu ile ndoto ni ya San. Anayekufa ni San. Hujui Deok-im yuko wapi, anapita au hapiti. Mtu anakufa unamkatalia hata kuota?

Na ile nguo uliiruka makusudi. Miaka imepita, analetewa vitu alivyoviacha marehemu, anaikunjua ile nguo ya zamani yenye pindo jekundu, ndogo, ya mtumishi. Wewe ndiye uliyesimamisha video ukaenda kunawa uso. Usijifanye jiwe hapa.

MTOTO WA KIBANDA UMIZA, MWANZA

Ile nguo jamani. Ile nguo.

MWANZISHA MADA

Nilikwenda kunawa uso kwa sababu ya vitunguu vya mama.

Sawa, nakuachia ndoto iwe ya San. Lakini mwandishi ndiye aliyeamua tufunge macho pamoja na San, na Deok-im awe wa kutuliza mgeni. Angeishia kwenye ile nguo, mimi nisingekuwa na neno. Hayo ya "sasa hakuna mfalme wala mtumishi" ni maneno yako, na ni mazuri, ila kwenye kile chumba anayeomba na anayepewa ni yule yule wa siku zote.

Nikuongezee moja ambalo tamthilia haikulionyesha. Deok-im alizikwa jirani na mwanawe, Seoul, mahali ambapo leo ni bustani ya Hyochang. Wakati wa utawala wa Wajapani, mwaka 1944, makaburi yakahamishiwa Seosamneung, eneo la makaburi ya kifalme huko Goyang. Jeongjo yeye amelala Hwaseong, pamoja na Malkia Hyoui, yule mke wake halali. Kwa hiyo nje ya runinga, ombi limetimia. Wamepitana.

MDOGO WA MWANZISHA MADA

Mama nimemsomea. Hakuuliza habari za mfalme hata kidogo. Kauliza, na mtoto je, bado yuko karibu na mama yake?

MWANZISHA MADA

Hapana. Walipohamishwa, yeye aliwekwa upande wa masuria, mtoto akawekwa kwingine. Usimwambie.

MDOGO WA MWANZISHA MADA

Nimeshamwambia. Kaacha kisu juu ya ubao, katoka nje.