Taa za baharini: kikundi cha mtaa, Makorora

[19:22] Bi Mwanaisha: Jamani mlio nje tazameni upande wa baharini. Taa nne! Moja inatembea

[19:22] Zaituni: Shikamoo bibi. Mie nimeziona tangu natoka kuanua nguo

[19:23] Bi Mwanaisha: Marhaba. Umeziona ukanyamaza??

[19:23] Zaituni: Nilidhani macho yangu 😂

[19:24] Kassim Boda: Droni hizo. Wanajeshi waambiwe

[19:25] Bi Mwanaisha: Mwaka juzi nilipeleka habari kama hii ofisi fulani, kijana akaniuliza kama nimekunywa dawa za presha. Sirudi tena

[19:26] Zaituni: Inayotembea imezima! Haikushuka, imezima palepale

[19:28] Mwl. Shekue: Bibi ungekuwa Marekani wangekuandika. Jeshi lao la anga lilikuwa na Project Blue Book, 1952 hadi 1969, kazi yake kuchunguza taa kama hizi. Ripoti 12,618

[19:28] Kassim Boda: Zote majini?

[19:29] Zaituni: Majini ya kuogelea au ya kupungwa? 🤣

[19:30] Mwl. Shekue: Nyingi zilikuwa nyota, ndege, maputo. 701 ndizo zilizokosa jibu. Walikuwa na fomu, wanakuuliza: ukinyoosha mkono, taa ile ingefunikwa na kitu gani? Kichwa cha pini? Njegere? Sarafu? Bibi hebu jaribu

[19:33] Bi Mwanaisha: Pini sina. Nimeshika punje ya choroko, imefunika mbili kwa mpigo

[19:34] Mwl. Shekue: Zinasogea?

[19:36] Zaituni: Nimezilinganisha na nguzo ya umeme. Tatu zimeganda

[19:37] Kassim Boda: Hizo 701 jeshi lilisemaje mwl?

[19:41] Mwl. Shekue: Kwamba hazihatarishi usalama wa nchi, wakafunga jalada. Ila utamu uko hapa. Miaka ya 50 walikuwa na ndege ya kijasusi, U-2, inapita futi 60,000 na zaidi. Za abiria wakati huo ziko 10,000, 20,000. Rubani wa chini jua limeshamzamia, ile ya juu bado inamulikwa, inawaka kama kaa la moto. Anaripoti. Wachunguzi wanauliza CIA, wanaambiwa ni yetu hiyo. Raia anajibiwa: chembe za barafu angani. Jarida la CIA lenyewe limeyaandika 1997

[19:42] Bi Mwanaisha: Kumbe afadhali mie niliyeulizwa presha

[19:42] Kassim Boda: 😂😂😂

[21:40] Baba Nasri: Ndo napata mtandao. Hizo tatu ni sisi jamani. Mwezi hakuna, tuko na ringineti, nyavu ya dagaa, taa tumewasha toka magharibi. Giza likiingia bahari na mbingu hazina mpaka, ukiwa huko utadhani tunaelea juu

[21:41] Zaituni: Na ya nne?

[21:43] Baba Nasri: Hiyo hata sisi tumeiona. Imetoka upande wa mjini, imetupita juu kimya, haina mlio. Mbele kidogo ikapotea. Nahodha kapiga bismillah

[21:45] Mwl. Shekue: Nadhani satelaiti. Haina taa yake, inamulikwa na jua kama ile U-2. Ikiingia kwenye kivuli cha dunia, inazima hivyohivyo

[21:46] Kassim Boda: Na mie nimeshawatangazia kijiwe kizima wageni wametua 🙈

[21:47] Bi Mwanaisha: Baba Nasri, niwekee kisado cha hao dagaa walionitia hofu