Mke wangu anataka twende wote kwa mshauri nasaha wa uzazi. Ni lazima na mimi niwepo?

Nanga_Nzito (mleta uzi): Wakuu, salaam. Ndoa yetu iko mwaka wa nne, mtoto hatujapata. Kliniki wametwambia kabla ya matibabu tuonane na mshauri nasaha, wote wawili, Jumatatu. Mke wangu kafurahi kama kapewa zawadi. Mimi naona yeye ndiye wa kwenda, maana ndiye anayelia kila mwezi. Mimi niko fiti. Swali dogo tu: ni lazima mwanaume awepo? Na huyo mshauri anakuwa na faili la vipimo vyetu? Majibu ya kiungwana tafadhali.

Mzee_Kobazi: Miaka minne tu mshaanza kukimbilia kwa watu wa kuwasimulia mambo ya chumbani. Sisi tulisubiri saba, hatukumwambia mtu, wakaja pacha. Vijana hamna subira.

Debe_Tupu: Nenda mkuu. Wanakuwaga na kochi laini, unapiga usingizi mkeo akiongea.

Jicho_La_Tatu: Mzee, shikamoo, ila subira si tiba. Shirika la Afya Duniani linahesabu miezi 12 ya kujaribu bila kinga, baada ya hapo linaliita tatizo. Ripoti yao ya 2023 inasema mtu 1 kati ya 6 hulipitia maishani. Hao wote wasubiri pacha?

Mama_Stahamala: Mimi nilikwenda, mume wangu alibaki nje kwenye gari mara mbili. Ya tatu akaingia. Mshauri hakutupa mawaidha hata kidogo. Aliuliza tu, kwa siku tunaongelea mtoto muda gani. Nikasema muda wote, yeye akasema kamwe. Basi akatupa dakika ishirini jioni, saa mezani, zikiisha tumefunga. Mume akajua kuna mwisho, akaacha kukimbia. Na mimi nikajua zamu yangu ipo, nikaacha kumvizia bafuni. Mimba ilichelewa sana bado, lakini nyumbani tulirudi kucheka. Tulipanga hata la kumjibu wifi yangu akianza maswali yake. Huyo wifi nitamfungulia uzi wake.

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, kulazimisha inategemea nchi na kliniki. Uingereza, kwa mfano, sheria yao ya 1990 inataka wanaotibiwa kwa njia kama upandikizaji wa mimba wapewe nafasi ya ushauri nasaha, hailazimishi waitumie. Lakini wewe umeuliza maswali mawili, na la pili ndilo lililokuleta. Kwenye faili kuna nini?

Nanga_Nzito: Sikuja kuhojiwa. Nimeuliza kuhusu utaratibu.

Debe_Tupu: Aliyesema yuko fiti sasa anaogopa karatasi 😂

Nanga_Nzito: Haya. Miezi miwili iliyopita nilipima mbegu. Majibu: sifuri. Si chache, hakuna kabisa. Mke nikamwambia kipimo kiko sawa. Tangu hapo anadhani shida ni yeye, kaanza na dawa za kienyeji. Msinihukumu. Nilikuwa nangoja wakati mzuri. Na suluhisho ninalo, nitaongea na daktari tutumie mbegu za mtoaji, mtoto azaliwe, mambo yaishe. Kuna haja gani ya kumwumiza mtu kwa jambo linalotibika?

Goti_Chuma: Sijasoma majibu yote, ila oa wa pili, utajua tatizo liko kwa nani.

Jicho_La_Tatu: Soma kwanza, ndugu yangu.

Mzee_Kobazi: Mtoto wa mbegu ya mtu mwingine na mama yake hajui? Hiyo ni dhuluma. Hapo hata mimi nasema nenda kwa mshauri.

Nanga_Nzito: Mzee, kuna wanaume wangapi wanalea wasio wao bila kujua? Mimi angalau nitajua.

Nesi_Mstaafu: Wewe utajua, yeye je? Kliniki yenye maadili haiweki mbegu ya mtoaji tumboni mwa mwanamke asiyeridhia. Tena usidhani siri hiyo inadumu. Siku hizi mtu anatema mate kwenye kichupa cha kipimo cha DNA nyumbani, anapata orodha ya ndugu zake. Kuwaza mtakachomwambia mtoto, na lini, ndiyo kazi kubwa ya ushauri kwa wanaotumia mtoaji.

Mpekuzi_Wa_Zamu: Wakuu, hii ni chai. Nimepekua nyuzi zake za nyuma. Mwaka jana aliomba ushauri kuhusu "mwanangu wa darasa la pili anakojoa kitandani". Leo hana mbegu hata moja! Ana sifuri au ana darasa la pili?

Debe_Tupu: Chai ya moto. Naleta vikombe.

Goti_Chuma: Nilijua tu.

Mama_Stahamala: Na mimi nimekaa kuandika habari za mume wangu hapa. Futeni uzi.

Nanga_Nzito: Si chai. Mtoto ninaye, nilimpata kabla ya ndoa, anakaa na mama yake. Ndiyo maana ndugu zangu wote wanamtazama mke wangu, na yeye anajitazama hivyo hivyo. "Mwenzio tayari ni baba." Sasa mnaelewa hiyo sifuri ilinipiga wapi? Silali. Namwangalia yule mtoto masikio yake, vidole vyake.

Mpekuzi_Wa_Zamu: Daah.

Nesi_Mstaafu: Acha masikio ya mtoto. Mwanaume aliyezaa anaweza kuja kukosa mbegu. Njia huziba baada ya maambukizi au upasuaji, kuna matumbwitumbwi ya ukubwani, kuna sindano za homoni za kutunisha misuli, hizo huzima kiwanda chenyewe. Na kipimo kimoja hakitoshi. Hurudiwa, ukae siku 2 hadi 7 bila kutoa, sampuli izungushwe kwenye mashine kabla ya kuandika sifuri. Sindano umewahi kuchoma?

Nanga_Nzito: Hilo la sindano tuliache kwanza.

Jicho_La_Tatu: Basi ndiyo hiyo.

Nesi_Mstaafu: Usiliache, mwambie daktari. Zikikomeshwa kwa usimamizi wake, wengi mbegu zao hurudi, ila ni kwa miezi. Mbegu moja tu hutengenezwa kwa zaidi ya miezi miwili. Kuhusu Jumatatu, piga simu uombe kuonana na mshauri peke yako kabla ya kikao cha wawili. Wanaruhusu. Uliza pia nani anasoma faili, na siri yako inaishia wapi. Hatakusemea kwa mkeo, wala hatakusaidia kumdanganya. Atakaa nawe utafute maneno.

Goti_Chuma: Dawa za kienyeji anakunywa mpaka leo?

Nanga_Nzito: Asubuhi na jioni.

Mama_Stahamala: Na wewe unamtazama anameza. Mume wangu na gari lake alikuwa afadhali.

Nanga_Nzito: Nimepiga. Wamesema naweza kwenda peke yangu Ijumaa. Dada akauliza jina, nikakata simu.

Mpekuzi_Wa_Zamu: Bado nanusa chai. Ila piga tena, wanafunga saa kumi.